Bwana Mifugo na Kondoo Waliopitiliza

Hakuwa mtu wa kubisha hodi. Alikuwa akiingia buchani kwangu, anapita upande wa ndani wa kaunta bila kuniomba ruhusa, anasimama mbele ya nyama inayoning'inia. Salamu ingekuja baadaye, kama ingekuja. Kwanza aliigusa nyama kwa mgongo wa vidole, akachungulia mafuta ya kwenye figo, akanusa kidogo, ndipo akauliza, "Huyu alikuwa anakula nini?" Mimi nitajuaje kondoo wa mnadani alikuwa anakula nini? Basi alijijibu mwenyewe. "Huyu kakaa porini maisha yake yote, halafu mtu kamshindilia mahindi siku za mwisho ili apate bei. Ona, mafuta yamekimbilia tumboni, mgongoni hakuna kitu." Wateja wakatazamana. Wapo waliosema yule mzee ana mambo yake, na hawakuwa na maana ya elimu.

Watu wote wa nyama hapa Mpanda walimwita Bwana Mifugo, hata baada ya kustaafu uafisa mifugo, na mkewe naye alimwita hivyo mbele za wageni. Mimi nitamwita hivyo hivyo. Bucha ninayoisema ilianzishwa na mume wangu. Alipopigwa na kiharusi nikavaa koti lake jeupe, nikashika panga lake, na tangu siku hiyo sijakaa chini. Naandika haya miguu ikiwa imevimba, kwa hiyo msomaji asitegemee maneno matamu.

Bwana Mifugo alitaka kitu kimoja tu, na kila aliyemfahamu alikijua. Alitaka, kabla hajaingia kaburini, aning'inize kondoo wa Katavi aliyelishwa inavyotakiwa na kuchinjwa kwa wakati wake, kisha mtu anayejua nyama amtazame aseme, naam, huyu ndiye. Hakutaka cheti wala sherehe. Alitaka kuaminiwa mara moja, kwa ushahidi unaoning'inia kwenye ndoano. Mimi ni mmoja wa watu waliomkosesha hilo, na wengine wote walimkosesha kwa ubishi, ila mimi nilimkosesha kwa heshima.

Somo lake lilikuwa fupi, na alilirudia mpaka ukatamani kuziba masikio. Mwanakondoo, alisema, anajenga mfupa kwanza, halafu nyama, halafu mafuta. Ukimlisha chakula kisicho na nguvu, nyasi kavu za mwezi wa tisa na maji, anakwama kwenye mfupa. Ukimsubiri akue hivyo hivyo, kukua atakua, lakini utakapomchinja atakuwa mzee na nyama yake itakuwa ya kuvutana na meno. Ukimpa chakula chenye nguvu, pumba na chenga za mahindi, mashudu ya alizeti kidogo, na majani ya karanga ya kutafuna ili tumbo lifanye kazi, anatoka kwenye mfupa haraka na kuingia kwenye nyama. Hapo ndipo watu wanapofurahi na kuacha kuhesabu wiki. Nyama ikishajaa, chakula kile kile kinaanza kwenda kwenye mafuta, na kuanzia hapo kila debe unalomwaga kihorini unalipeleka mahali ambapo mwenye kisu atalikata na kulitupa. "Usiniambie umempa nini," alikuwa akisema. "Niambie umempa nini kwa wiki ngapi."

Kwa sababu hiyo kondoo wake hawakuwa na majina. Aliwaita kwa wiki walizolishwa. Ungemsikia akimwambia mkewe, "Yule wa wiki ya sita anachechemea," na mkewe akajua ni yupi. Siku moja mjukuu wake alipelekwa kwake kusalimia, naye akamtazama mtoto, akampapasa mgongo, akauliza ana wiki ngapi. Mama wa mtoto alinuna. Nadhani mzee hakujua kwa nini amenuna.

Adui yake mkubwa alikuwa mkia. Kondoo wetu wa huku wana mikia ya mafuta, na mnadani mnunuzi hamtazami kondoo usoni wala mgongoni. Anaenda nyuma, anaunyanyua mkia, anaupima kwa kiganja, basi, bei imeanza. Mafuta ya mkia yana kazi nyingi. Yanayeyushwa kwa ajili ya mama aliyejifungua, yanapewa mtoto mwenye kikohozi, yanakaangia maharage. Mimi mwenyewe nimeyatumia na sioni aibu. Lakini Bwana Mifugo akiona mtu anapima mkia alikuwa anakunja uso mpaka macho yanapotea. "Nyie mnanunua mkia," aliwaambia, "kondoo mnapewa nyongeza." Alikuwa na jirani yake huko Kakese, kijijini alikoishi, mzee wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini miaka mingi iliyopita, na hawa wawili walibishana mkia kila mnada. Jirani alimwacha aseme yote, akatema mate pembeni, akamwambia, "Bwana Mifugo, wewe ni msomi, nakuheshimu. Lakini kondoo asiye na mkia ni mbuzi, kweli kabisa." Nilikuwepo, na Bwana Mifugo alicheka mpaka akashika fito za zizi. Ni mara chache nimemwona akicheka.

Jambo la ajabu ni kwamba nyama ya kondoo hakula. Sio kwamba hakuipenda sana, hakula kabisa. Ukimkaribisha chakula na ukapika kondoo, alikula ugali na mchuzi wa mboga, akaisukuma nyama upande wako kwa kidole. Chakula chake kilikuwa migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, ya kukaushwa inayoletwa kutoka Kapalamsenga, na alipoikosa alikuwa na hasira siku nzima. Nilimuuliza mara nyingi ni mwiko wa ukoo au ni tumbo. Jibu lake lilikuwa, "Fundi viatu naye anakula viatu?" Mkewe aliniambia kwamba hata yeye hajui, na ameishi naye tangu ujana. Alipika kondoo siku mumewe akiwa safarini.

Alikuwa pia mtu wa kufundisha usafi wa banda huku nyumba yake inavuja. Banda la kondoo lilikuwa na sakafu ya mbao iliyoinuliwa, yenye mianya ya kupitisha kinyesi, bati jipya na kihori kilichosuguliwa. Sebuleni kwake, mvua ikinyesha, mlikaa mkizunguka ndoo. Aliingia kanisani na gambuti, akakaa benchi la nyuma akiwa amezipangusa kwa majani, akatoka kabla ya matangazo. Kwa watu alikuwa mkali. Kwa kondoo sauti yake ilibadilika, ikawa ndogo, ya kubembeleza, na alipogundua unamsikiliza aliacha.

Ukali wake niliuonja mapema. Mwaka wa kwanza wa kusimamia bucha peke yangu nilipata oda ya kondoo watatu wa harusi. Niliwatafuta mnadani, nikapima mikia kama wanavyopima wenzangu, nikachinja, nikaning'iniza. Familia ya bwana harusi ilikuja kuangalia, na Bwana Mifugo naye akatokea, wakati huo bado yuko kazini. Hakuniuliza kitu. Aliwaambia wale watu, mbele yangu, "Hapa mtakula mifupa. Tazameni kiuno hiki, kimebonyea pande zote mbili." Wakaondoka wakaenda kwa mwingine. Nililia ndani ya stoo, katikati ya vichwa na miguu, nikamlaani yeye na diploma yake.

Kesho yake alirudi. Hakuomba radhi, na sijawahi kumsikia akiomba radhi. Alisema, "Mama Neema, nipe mkono." Akaikunja ngumi yangu, akakipitisha kidole changu cha mkono mwingine juu ya vifundo. "Mgongo ukiwa hivi, huyo kakonda. Usimnunue." Akainyoosha ngumi, akakipitisha kidole juu ya migongo ya vidole vilivyonyooka, mahali ambapo mfupa upo lakini umefunikwa. "Ukiwa hivi, chinja leo." Kisha akakigeuza kiganja, akakibonyeza chini ya kidole gumba, pale penye nyama laini ambapo mfupa hausikiki. "Ukiwa hivi, umechelewa, umelisha mafuta." Hilo lilichukua dakika tano na limenilisha mimi, mume wangu kitandani na watoto watatu. Kwa hiyo ninaposema alikuwa mkali, ninasema pia kwamba aliniambia ukweli siku ambayo ukweli uliniumiza, na kesho yake akanipa njia ya kutoumia tena.

Watu hawakumpa nafasi kama hiyo. Kuna kikundi cha wafugaji cha Kakese alichokilea akiwa bado mtumishi. Aliwakusanyia wanakondoo, akawapangia chakula, akawaandikia kwa chaki kwenye mlango wa banda: pumba kidogo wiki ya kwanza, waongeze kidogo wiki ya pili, na kuendelea, maana tumbo la kondoo halijui mahindi na linahitaji kuzoeshwa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka walipopata taarifa kwamba kuna mgeni anakuja kutoka mkoani kuona mradi. Wanakikundi wakaona aibu. Mgeni mkubwa namna ile atakutaje kondoo wenye matumbo madogo? Kwetu mgeni haonyeshwi njaa, hata ya mnyama. Asubuhi ile wakawamwagia mahindi gunia zima ili awakute wameshiba, na kondoo, kwa kuwa ni kondoo, wakala yote. Mgeni alipofika, wanne walikuwa wamelala na matumbo yamevimba, na wawili walikufa akiwa bado anasaini kitabu cha wageni.

Nilisimuliwa na watu watatu tofauti na wote wanakubaliana juu ya kilichofuata. Mwenyekiti wa kikundi aliinamisha kichwa. Mgeni akauliza nani aliyepanga chakula. Bwana Mifugo akasema, "Ni mimi. Sikuwaeleza vizuri." Maandishi ya chaki yalikuwa pale pale mlangoni, kila mtu anayasoma. Hakunyoosha kidole kwa mtu. Baada ya hapo mradi ukafa, na kwa muda mrefu Kakese ikasemwa kwamba mtaalamu aliua kondoo kwa pumba. Wale aliowafichia aibu nao walisema hivyo hivyo, na hilo ndilo lililonichosha mimi niliyekuwa nasikia tu. Yeye aliendelea kuwasalimia.

Alistaafu hivyo, hajaaminiwa. Alijenga banda lake mwenyewe nyuma ya nyumba inayovuja, akanunua wanakondoo wanane, na baadaye wengine wanne wadogo zaidi. Mkewe alitaka bati la sebule. Walinuniana mwezi mzima.

Bahati, tuseme ni bahati, ilikuja kupitia bucha yangu. Mpishi wa kambi moja ya watalii huko mbugani alikuja kutafuta mbuzi, kijana mtaratibu, mwenye kucha safi. Bwana Mifugo alikuwa amekaa kwenye benchi langu akiwaponda kondoo wa watu. Mpishi akamsikiliza, akavuta kigoda. Wakaanza kuzungumzia viuno na mapaja mpaka wateja wakachoka kusubiri. Mwishoni mpishi akasema, "Mzee wangu, mimi nikipata kondoo mchanga, mgongo umejaa, mafuta membamba juu, nachukua kila baada ya wiki mbili. Sasa hivi tunaagiza kutoka mbali, inafika imechoka. Ukiwa nao tayari niite nije kuwaona wameshachunwa."

"Mafuta membamba kiasi gani?" Bwana Mifugo aliuliza.

Mpishi akatazama huku na huku, akachukua kiberiti changu, akatoa kijiti. "Kama hiki kwa unene. Vikizidi viwili, wageni wanayakata wanayaacha kwenye sahani."

Bwana Mifugo alikiomba kile kijiti akakitia mfukoni. Siku ile alinisalimia wakati wa kuondoka, akaniuliza hali ya mume wangu, akaniuliza na watoto. Nilijua ana furaha.

Sasa niseme habari ya mikono yake. Alikuwa na sukari kwa miaka, na sukari ilianza kumla kwenye ncha za vidole. Hakumwambia mtu. Mimi niligundua kwa chai. Ninapikia jiko la mkaa nyuma ya bucha na vikombe vyangu ni vya bati. Nilimpa chai iliyotoka kuchemka, akakishika kikombe kwa kiganja kizima, akaendelea kuongea habari za mashudu, hakuuhamisha mkono. Mimi nilikuwa nimekishika changu kwa upindo wa kanga na bado kilinichoma. Nikamtazama. Akaona ninatazama, akakiweka chini, akaficha mkono mfukoni. Baada ya hapo nilimwona akifunga vifungo vya shati huku anavitazama kimoja kimoja, kazi ambayo mtu haitazami. Nilitaka kumuuliza. Kulikuwa na foleni, nikasema nitamuuliza kesho.

Wanakondoo wanane walipofika wiki ya kumi, nilikwenda Kakese. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, siku pekee ninayofunga mchana. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, nimemgeuza mgonjwa, nimemfulia, nimepanda bodaboda kwenye mashimo. Alinipokea getini na gambuti zake. Akaniingiza bandani, akamshika mmoja kwa taya, akapitisha mkono mgongoni taratibu, akarudia, akasema, "Mgongo bado unachoma. Wanataka wiki tatu nyingine hawa. Shika na wewe."

Nikashika. Nilibonyeza nikitafuta mfupa, nikabonyeza tena, nikaukuta umefunikwa, kama kwenye migongo ya vidole vilivyonyooka. Nikashika wa pili na wa tatu. Walikuwa wamekwisha kuwa tayari, wamewahi hata, kwa sababu aliwalisha vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Walitakiwa kuchinjwa wiki ile, tena siku zile zile.

"Unaonaje, Mama Neema?"

Alikuwa ananitazama usoni. Nilijua anachouliza, na nilijua kwamba anauliza kwa sababu mkono wake haumwambii tena kitu, na alikuwa hajui, au anajua na hataki kujua. Ungemwambiaje? Huyu ndiye aliyenifundisha kushika. Kumwambia mwalimu kwamba kondoo wako wameiva ilikuwa ni kumwambia kwamba vidole vyako vimekufa, mbele ya mkewe aliyesimama mlangoni akisubiri bati lake. Na nilikuwa nimechoka. Nilitaka nirudi nikalale. Nikasema, "Bado kidogo, Bwana Mifugo."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hata mimi nimesema."

Wiki tatu baadaye akamwita mpishi. Wanne kati ya wale wanane walichinjwa asubuhi, mchinjaji wetu akawafanyia kwa bismillahi na kisu kikali, mkaguzi akapiga mhuri, nikawapokea na kuwaning'iniza mwenyewe. Nilipowatazama nilijua. Nyuma yote ilikuwa nyeupe. Figo hazikuonekana, zilikuwa zimezama kwenye mafuta. Bwana Mifugo alikuwa amevaa shati la kanisani. Alisimama pale na kijiti chake cha kiberiti, akakichomeka kwenye mafuta ya kiunoni. Kikaingia, kikaendelea kuingia, mpaka kichwa cheusi tu kikabaki nje. Akakiacha pale.

Mpishi alifika na gari, akatazama kwa adabu, akapapasa, akazunguka. Hakuwa kijana mbaya. "Mzee wangu, nyama safi sana hii, na umri ni mzuri," alisema. "Lakini mafuta yamenishinda. Nikikata haya yote, inabaki robo tatu ya kondoo. Wangekuwa wa wiki chache nyuma hivi, ningekuchukulia wote." Akanunua mbuzi, akaondoka. Hakuacha namba mpya wala kusema atarudi lini.

Ningependa kusema kwamba siku iliishia hapo. Nyama ilikuwa inaning'inia, na mimi nina bucha, nikaanza kuuza. Alijikalia kwenye benchi. Haikupita nusu saa habari ikawa imezunguka soko zima kwamba kwa Mama Neema leo kuna kondoo wa haja. Walipanga foleni mpaka nje kwa muuza vitunguu. "Leo ndiyo umeleta nyama," walisema. "Ona ilivyonona." "Nikatie hapo penye mafuta, mama, usinipunje." Mzee wa Kisukuma naye alitokea, akachukua mikia miwili, akamgeukia jirani yake pale kwenye benchi. "Bwana Mifugo, hatimaye umetuelewa," alimwambia kwa moyo wote. "Sasa hii ndiyo kondoo."

Watu walimpa mkono. Wengine walikuwa wale wale wa kikundi cha Kakese. Hakuwahi kusifiwa vile maisha yake yote, na kila sifa ilikuwa kwa kosa lake. Aliitikia, "Asante, asanteni," huku anatazama sakafu. Adhuhuri ilipofika hakukubaki hata mfupa.

Nilipokuwa ninamwagia gogo maji akaniuliza, "Mama Neema. Siku ile ulijua?"

Nikasema nilijua.

"Hawa wengine wamenikatalia usoni miaka yote," alisema. "Haijawahi kuniuma. Wewe umenikubalia." Akanyanyuka, akaniaga kwa heshima kama unavyoaga mtu usiyemfahamu vizuri, akaondoka.

Hakuja tena buchani. Nilimsubiri wiki ya kwanza na ya pili. Kila mtu akiingia bila kubisha hodi niligeuka. Nilikuwa na sababu nyingi za kutokwenda Kakese, na zote zilikuwa za kweli: mgonjwa, madawa, miguu. Wale wanne waliobaki wa kundi la kwanza mkewe aliwauza mnadani, kwa mikia. Bati likawekwa sebuleni. Wakabaki wale wanne wadogo.

Nilikwenda siku ya kazi, nikafunga bucha asubuhi, jambo ambalo sijawahi kufanya isipokuwa kwa msiba. Nilimkuta anamwaga pumba kihorini, anapima kwa kopo. Amekonda. Nikamwambia shikamoo, akasema marahaba, akauliza mgonjwa, nikamjibu, akaendelea kupima. Hakunikaribisha bandani, wala hakuniambia nishike.

Nikavua viatu nikaingia. Nilimkamata wa kwanza, nikapitisha mkono, nikamwachia. Nikamshika wa pili, wa tatu, wa nne. Sikuharakisha.

"Huyu na huyu mweusi," nilisema, "wako tayari. Wachinjwe kesho, wasifike Jumamosi. Hao wengine wawili, bado."

"Bado wote," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kuwafukuza wateja wangu. "Hawajafika hata wiki ya tisa."

"Hapana, Bwana Mifugo. Wawili wameiva. Umewalisha vizuri, wamewahi."

Aliweka kopo chini, akaingia, akamvuta yule mweusi. Akaweka mkono mgongoni. Akaupitisha mbele na nyuma, akabonyeza, akabonyeza kwa nguvu mpaka kondoo akapinda miguu na kulia. Alifumba macho. Mkewe alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama. Nilitamani kusema neno la kumsaidia, na safari hii nikajizuia.

"Sisikii kitu," alisema.

"Najua, mzee."

Alifumbua macho, akautazama mkono wake, akaufuta kwenye suruali ingawa haukuwa na uchafu. Kisha akaenda mlangoni, akatoa komeo kwa mikono miwili, taratibu, akilitazama.

"Umesema wawili?"

"Wawili."

Akafungua mlango, akasogea pembeni, akaniacha niwatoe mimi.